Ghorofa Mahali pa Nyumba ya Bibi Joyce

Mama yangu mpendwa, huko Mkunya,

Shikamoo, Mama. Magoti yanasemaje na baridi ya huko juu? Huku mimi, Baba Salma na mtoto hatuumwi, ila mwenzenu uchovu umenikaa mwilini.

Uliniuliza kwenye simu mji huu ukoje. Ni mji mdogo, pale mto mkubwa unapoingia baharini, lakini haushi kujengwa. Kila nikitoka zamu nakuta msingi mwingine umechimbwa. Watu wa miji mikubwa wanahamia huku kupumzika, na sisi wapangaji tunasogezwa pembeni. Mwenye nyumba wetu ameuza, tunahama tena. Nikiuona mto huu nakumbuka ulivyokuwa ukiteremka bondeni kutafuta ndoo moja ya maji.

Kazi ni ileile ya kutunza wazee kwenye makao yao. Yupo mmoja, Bibi Joyce, aliyezaliwa hapahapa enzi za wavuvi na wafuga ng'ombe. Juzi aliniomba nimpeleke akaione nyumba ya wazazi wake. Nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka ukingoni mwa mto. Tulipofika, tukakuta pamesimama ghorofa jipya. Alilitazama sana.

"Somoe, tumepotea?"

"Hapana, Bibi. Ni hapa."

Nikachuchumaa kumfunga shali vizuri, akanishika mkono.

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai. Yuko nyumbani."

"Wewe unanitunza mimi. Yeye anatunzwa na nani?"

Nikamjibu, dada yangu. Hakuniuliza kwa ubaya, Mama, lakini swali lile nilirudi nalo njia nzima.

Kesho yake nikaomba likizo. Msimamizi akasema watu hawatoshi, nivumilie. Nikamwambia nimeshavumilia, akininyima, naacha kazi. Akakubali. Kwa hiyo nakuja korosho zikianza kuanguka. Baba Salma atabaki na mtoto, ndiye atakayehamisha vyombo.

Nisalimie dada Zuhura, mwambie safari hii atapumzika yeye. Mjomba wa kule Chiwata na shangazi anayekuletea mihogo nao wapate salamu zangu.

Usipike sana, Mama, wala usiwaite watu. Nitandikie mkeka tu, nilale, na wewe ukae karibu.

Ni mimi mwanao,
Somoe