Laini ya Marehemu

Jumatatu, 3 Machi
Meseji kutoka kliniki. Kompyuta zao zimeingiliwa, taarifa za wagonjwa zimevuja — majina, vitambulisho, namba za simu. Wanaomba radhi. Binti yangu kaniambia nibadilishe maneno ya siri yote leo leo. Nimebadilisha. Yote yalikuwa Kidege, jina alilokuwa akiniita mume wangu.

Ya kwake sikugusa. Marehemu ataibiwa nini tena?

Jumanne, 4 Machi
Nimechaji simu yake kama kawaida. Kampuni ya simu hatujawaambia kwamba amefariki. Ni mimi niliyekataa. Nikipiga, inaita weee, kisha inakuja sauti aliyorekodi: "Sipo karibu, acha ujumbe." Nyuma yake nasikika mimi: "Taratibu, baba, hufukuzwi!" Halafu anacheka. Kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi
Wifi kapiga, hajui acheke au alie. Kaka yake kamtumia meseji! Eti amekwama, amtajie namba ya siri itakayoingia kwenye simu ya wifi.

"Wifi, kaka yangu alivyokuwa mvivu wa kuandika! Meseji ndefu hivi kajifunzia ahera?"

Namba hakuitaja.

Nimeitazama simu ya marehemu. Mtandao hakuna. Nilidhani ni mvua.

Binti kasema mtu ameihamisha laini ya baba kwenye simu nyingine, kwa taarifa zake zilizovuja kliniki. Twende tukaifunge. Nikauliza, na sauti? Itapotea, mama. Tuirekodi kwanza, ndipo tufunge.

Nikasema kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Rafiki wa mume wangu, yule seremala, naye alipata meseji hiyo, akajibu jana jioni. Akataja namba. Leo akaunti yake ya meseji haimfungukii, na watu wake wote wanaombwa msaada kwa jina lake. "Shemeji, nilidhani simu umeishika wewe." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Naandika nikiwa kwenye benchi mbele ya kaunta, ofisi ya kampuni ya simu. Mhudumu ameshathibitisha cheti cha kifo. Imebaki abonyeze tu, laini ifungwe. Nikamwomba subira. Binti akaandaa simu yake kurekodi, nami nikapiga.

Ikaita mara moja. Ikapokelewa!

Kijana. Mpole kabisa. "Haloo? Nani mwenzangu?"

Nikakata.

Mhudumu anauliza, "Mama, nifunge?" Nyuma yangu foleni inaguna. Binti kanishika bega. Huko nje huenda mwingine anataja namba yake sasa hivi, najua.

Nimepiga tena. Inaita. Mungu wangu, asipokee —