Vidonge Vilivyolia Kama Tofali

Kaka yangu Simoni,

Shikamoo. Najua hutaitikia, maana tangu uvuke mpaka pale Kabanga hujapiga simu wala kutuma salamu kwa watu wa basi. Nakuandikia nimesimama. Kukaa kumenishinda, nikikaa kidogo nanyanyuka tena kwenda kuchungulia mtungi wa mafuta.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe fundi wa matofali, mimi na daftari langu na mizani niliyoinunua kwa jasho langu. Ulinichomea chokaa kwenye tanuri lako, nikaisaga laini kama unga wa muhogo, nikaikoroga na spiriti na mafuta ya mbono, ule mmea tunaozungushia ua wa nyumba. Chokaa ndiyo kichocheo: yenyewe haipungui, inayasukuma tu mafuta yageuke dizeli. Tulipopima, sehemu tisini katika mia zilikuwa zimegeuka. Uliniinua juu kama mtoto. "Mdogo wangu, Nyakahura nzima itasaga mahindi kwa ua wa nyumba!"

Lakini unga ule ulipenya kitambaa cha kuchujia, ukaziba mashine ya kusagia. Ndipo ukasema tuufanye vidonge, vikae kwenye kikapu cha waya, tuvitumie tena na tena. Ulivigandamiza kwa jeki ya fuso. Vilipotoka tanurini, uligonganisha viwili karibu na sikio langu. "Sikia! Vinalia. Tofali linalolia halina kasoro." Nikacheka, nikaamini. Kwetu Ngara nani anakataa tofali linalolia?

Halafu wakaja wakulima wa Nyantakara, waliopanda mbono kwa neno letu. Tukatumbukiza vidonge kwenye mafuta mbele yao: uzito uleule, muda uleule, zikageuka kumi na nane. Mzee Bahati, kiongozi wao, akainua kidonge kimoja. "Binti, hiki ni kichocheo au kokoto? Au nikachanganyie zege?" Watu wakaangua kicheko. Nawe, kaka wa tumbo moja, ukasimama ukasema: "Mimi nimegandamiza tu. Hesabu ni zake. Amepima vibaya."

Kesho yake ukaondoka.

Sikupima vibaya. Hilo linaniwasha mpaka leo, ndiyo maana nilianza upya peke yangu. Nilikoroga kwa kasi mara mbili ya ile ya kwanza: kumi na nane. Mara tatu: kumi na nane. Basi mafuta yalikuwa yanakifikia kidonge bila shida. Nikatwanga vidonge vilevile kwenye kinu, uzito uleule: themanini na sita! Chokaa haikuwa imekufa, kaka. Nikapasua kimoja kilichotoka kwenye mafuta. Ganda la nje lilikuwa limelowa, jembamba kama ngozi ya kitunguu. Ndani pakavu, peupe. Jeki yako ilifunga vinjia vyote. Ngozi ilifanya kazi, sehemu nyingine yote ilikuwa abiria. Nikatengeneza vya nusu ya ukubwa, zikapanda hadi thelathini na tatu.

Sasa nachanganya pumba kabla ya kuchoma. Zinaungua, zinaacha vishimo, mafuta yanaingia: sabini na moja. Ila vinamomonyoka. Vikitumika mara mbili, kikapuni limebaki tope. Nikikaza jeki vinaziba, nikilegeza vinavunjika. Kati ya hapo na hapo kuna mahali, na mkono wangu haupajui. Wako unapajua. Inaniuma kuandika sentensi hiyo.

Na mimi nina langu. Nilipowaambia wakulima "tisini", nilikuwa nimepima unga. Sikupima kidonge hata kimoja kabla hawajaja. Namba ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa namba ya kitu kilichokuwa mezani. Mtu anayejisifia hesabu kama mimi! Wewe ulinisingizia kosa ambalo sikulifanya, nami nikalishikilia hilo ili nisilitazame nililolifanya.

Jumamosi wanarudi. Wakikuta kokoto tena, wanang'oa mbono wote wapande mahindi. Mzee Bahati ameshasema, na hatanii. Nitasimama mbele yao niseme kosa langu, kwa mdomo wangu, kabla sijawasha chochote. La kwako sitalisema. Ni lako, limsubiri mwenyewe.

Basi la asubuhi kutoka Kabanga linapita hapa Nyakahura kabla wakulima hawajafika.

Mimi mdogo wako, ambaye bado nina hasira nawe.