Nekesa Alipolikagua Gari la Mzee Frank

Baba Nekesa, binti yako ameharibu soko la gari la marehemu Mzee Frank, na kazi yangu inaisha kwa sababu hiyo, na bado natembea kichwa juu!

Nimekurukia kabla hata ya kukuuliza hali, nisamehe. Goti linaendeleaje? Unaenda kliniki, ama bado unajipaka grisi kama lori? Sisi huku Maryland tu wazima, Mungu anatuweka. Barua hii nampa Mama Shiro anayekuja nyumbani, maana kwenye simu ukinisikia sauti ikikwama hutasikiliza maneno.

Unamjua Nyanya Dorothy, mama mzee ninayemtunza hapa Greenbelt. Tangu mumewe Frank afariki, mwanawe Danny anasema hana uwezo wa kuendelea kunilipa. Ama gari la baba liuzwe kwa bei kubwa, ama mama aende makao ya wazee. Nyanya hataki makao. Anataka kufia kwenye kitanda alichofia mumewe. Basi kila kitu kikaangukia lile gari.

Ni la Kimarekani la zamani, milango miwili, rangi ya machungwa, mistari miwili myeusi kutoka boneti hadi buti. Likiwashwa vikombe vinatetemeka jikoni. Mzee Frank alijisifu maisha yake yote kwamba ni lile toleo maalum, yale yaliyotengenezwa machache. Akapatikana mnunuzi, akasema atalichukua mradi fundi wa magari hayo alikague na kuweka sahihi. Na fundi mwenyewe ni nani hapa mji wa jirani, Laurel? Wazungu wenye ndevu mpaka kifuani wanampisha Nekesa wako! Nilitangaza kanisani, akina mama wakapiga vigelegele. Mikono aliichukua kwako, sikatai. Kichwa ni changu.

Alikuja Jumapili baada ya ibada. Nikamwonyesha kama mimi ndiye mwenye gari. "Ona linavyong'aa! Na Danny anasema injini ilishabadilishwa, hii ni bora kuliko ya kwanza." Nilidhani namsaidia. Si kwetu ukiweka injini nzuri bei inapanda?

Akaniangalia kwa huruma. "Mama, huku inashuka."

Akaingia chini na tochi. Ni kama vile huko nyumbani wanavyolinganisha namba za gari na logbook, kile kitabu cha umiliki. Wakusanyaji hawa hawanunui mng'aro. Wanataka injini ile ile iliyozaliwa na bodi, namba zikubaliane, na kibati kidogo cha kiwandani kiseme rangi hii na mistari hii vilitoka huko huko. Hata rangi ya kwanza iliyochakaa wanaiheshimu kuliko mpya. Maana kuna magari mengi ya kawaida yaliyovalishwa nguo za lile maalum.

"Mistari hata mimi nachora," Nekesa akasema. Kisha akatoka chini ya gari, akazima tochi.

"Si lenyewe, Mama. Kibati kinasema lilitoka kiwandani likiwa la kijani."

Nikamvuta kando. "Wewe, funga mdomo. Nyanya atatolewa hapa. Na mimi je?"

"Nimeshaona, Mama."

"Kiburi hiki umekitoa wapi?"

"Pale gereji ya Kitale, kwa Baba. Nani alikuwa akirudisha spea feki hata mteja akibembeleza?"

Nikauachia mkono wake.

Akaenda sebuleni, akapiga magoti mbele ya kiti cha Nyanya, Danny amesimama pale pale, akasema yote polepole. Mimi nilitazama zulia.

Nyanya akamshika mkono. "Najua, mtoto wangu. Frank aliichora mistari hiyo hapo nje, Danny akiwa bado tumboni. Mimi ndiye niliyemshikia tepu ya kunyooshea rangi."

"Mama!" Danny akapaza sauti. "Ulijua, ukaniacha nimlete mnunuzi?"

"Baba yako alilipenda hivyo. Sikumnyang'anya akiwa hai, nikashindwa kumnyang'anya akiwa amekufa. Nilikuwa naomba mtu mwingine aseme."

Danny akatoka. Nilipomfuata nilimkuta ameinamia boneti, kidole kikifuata ukingo wa mstari, mpaka mahali karibu na kioo ambapo umepinda kidogo. "Hapa tepu ilimponyoka Mama," akasema. Akacheka, kisha akalia, mtu mzima na mvi zake.

Mnunuzi ameambiwa ukweli, amekwenda zake. Nyanya atahamia makao, na mimi sijui nitapata lini mzee mwingine wa kutunza. Nyanya ameanza kufunga vikombe kwa magazeti. Halalamiki. Ananiuliza tu kama huko watampikia chai ya maziwa nilivyomzoesha, nami namwambia nitaileta mwenyewe kwa chupa.

Kabla hajahama tutamzika Mzee. Huku walimchoma, jambo ambalo moyo wangu haujalizoea, na majivu yako juu ya kabati. Danny ameomba yapelekwe makaburini kwa gari lile lile, mistari yake na yote, na Nekesa aliendeshe. Akina mama wa kanisa watakuja na leso zao, waimbe. Na ninyi nataka mje kwa simu: ketini uani mchana ungali mweupe, chaji ikiwa imejaa, nitawaonyesha aliye kwenye usukani.

Msalimie mama mkwe wangu, mwambie namwombea macho. Msalimie kaka yangu mwalimu, na shemeji anayetukamulia ng'ombe. Waite wote, asibaki mtu shambani.

Ni mimi mkeo, Mama Nekesa, ninayewangoja nyote Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano.