Sauti ya Mama Katika Albamu Yako

Tibirinzi,
Chake Chake, Pemba.
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Haitham,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Goti linaendeleaje? Tumesikia umeanza tena mazoezi na timu yako hapo Maskati, Alhamdulillahi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Presha ya mama imetulia kidogo, na mwanangu Laila kila akiona mpira kwenye televisheni anauliza mjomba yuko wapi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa makusudi. Sauti yangu sikupi tena ndani ya simu, yaliyompata mama yananitosha. Barua hii anakuja nayo Bi Rawya, anamfuata mwanawe huko.

Uliposema kuwa wewe mcheza mpira nawe unatoa albamu ya rap, aliyekutetea ni mimi. Shangazi Jawaher alisema huo uhuni. Nikamwambia mtoto amekaa na goti bovu miezi sita, mwacheni ajiliwaze. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Siku albamu ilipotoka, mama alialika majirani. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka eda, wiki haijatimia, na nyumba hii ilikuwa haijacheka tangu tumzike baba. Akapika mikate ya kumimina tangu asubuhi. Wanawake tulikaa ndani, wanaume barazani, spika tukaiweka dirishani ili wote wasikie. Wimbo wa kwanza tulipiga makofi. Wa pili, Shangazi Jawaher mwenyewe alitikisa kichwa. Wa tatu ukaanza na mama analia.

Haitham, sauti ile niliirekodi mimi kwa simu, siku ya nane ya eda, nikakutumia. Maziko hayakungoja ndege yako, nawe ulikuwa ukilia kuwa baba kaondoka hana radhi nawe kwa sababu ya mpira. Eda unaijua, umezaliwa humu humu. Miezi minne na siku kumi mama hakuzungumza na mwanamme asiye maharimu yake. Hata muuza samaki akipiga hodi nilimjibu mimi. Alisema na wewe tu, mwanawe. Wewe ukamtilia ngoma.

Barazani aliyeinuka mwanzo ni Mzee Abdulsamad. Alivaa viatu, akainamisha uso, akenda zake bila ya kuaga, asije akamsikia mjane wa rafiki yake akilia. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Kahawa tuliimwaga.

Na tena ukaikata. Hilo ndilo lisilonipita kooni. Mama alisema, "Baba yako kakuita mpaka pumzi ya mwisho, na kakuridhia, mie ndo shahidi." Kwenye wimbo imebaki kuita tu, inarudiwa na kurudiwa, radhi umeitupa. Sasa mjini wanasema Mzee Hamzah kafa na kinyongo na mwanawe, naye hawezi kuinuka kaburini akajitetea. Labda huzuni inauzika kuliko radhi, mambo ya studio mimi siyajui. Ninalojua ni kwamba nilikuamini wewe, na mama aliniamini mimi, na leo hanitazami usoni. Umetuvua nguo sote, aliye hai na aliyekufa.

Usiniambie utaiondoa mtandaoni. Iondoe, ni wajibu wako, lakini walioisikia wameshaisikia.

Shangazi Jawaher anakusalimu, na mumewe Yussuf, na Laila. Mama nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema, "Mwambie akipiga simu nitaipokea, na nitamsikiliza aseme yote. Ila sauti yangu hatoisikia tena mpaka aje aketi hapa mbele yangu."

Ijumaa ulipopiga ulisema "haloo, haloo" ukadhani mtandao mbovu. Mtandao ulikuwa mzima. Mama alikuwa kaishika simu sikioni, mpaka ulipokata.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi na akurejeshe kwetu ukiwa na haya usoni na afya mwilini.

Dada yako, akupendaye hata kwa hili,
Ghania