Zamu ya Bombani

Lodwar, 3 Februari 2025

Baba,

Ejok, nakusalimu. Mimi ni mzima, ni joto tu linalotusumbua. Mgongo wako umepoa?

Nimesikia Hillow, mwenye lori la maji, atanilipia karo ili wewe mlinzi wa bomba umjazie lori kabla ya akina mama walio kwenye foleni. Baba, hiyo ni rushwa. Lakini bila karo nitarudishwa nyumbani mwisho wa mwezi, na naogopa kukwambia ukatae. Naona haya hata kuandika haya.

Binti yako,
Akuwam

Kakuma, 9 Februari

Binti yangu,

Ejok-noi. Mgongo bado unalalamika. Mbuzi wamekonda ila wanatembea.

Hillow amekula kwangu, nami kwake. Mtu kama huyo akiomba, mdomo wa kukataa nitautoa wapi? Ngoja kidogo.

Baba yako

Lodwar, 13 Februari

Baba,

Naomba barua ikukute salama. Nimengoja. Kama ni urafiki tu, ungeweza kuusema mbele ya foleni nzima? Nisamehe kama nimekosa adabu.

Akuwam wako

Kakuma, 24 Februari

Akuwam,

Sote wazima. Nimeusema.

Nilisimama bombani na fimbo yangu, kama tunavyosimama kwenye kikao cha wanaume, nikatangaza: "Hillow anataka kumsomesha Akuwam kwa zamu yenu." Hillow akajifunika uso kwa kofia.

Nafiso, yule mama mkimbizi kutoka Somalia, akacheka. "Wallahi, Hillow! Unamlipa mlinzi kwa kitu chetu?"

Akoru jirani akadakia: "Na msichana si wetu? Hillow ajaze kwanza. Lakini mitungi yetu ataibeba kwa lori mpaka milangoni, hadi mtoto amalize shule."

"Mnaniua, mama zangu," Hillow akasema. Kisha akaanza kupakia mwenyewe.

Maji ni yaleyale, lori ni lilelile. Sikujua jambo linaweza kugeuka hivyo kwa kutamkwa tu.

Baba yako

Lodwar, 28 Februari

Baba,

Nakusalimu, na akina mama wote. Barua yako nimeisoma hadi imelainika.

Karo imefika. Karani wa shule aliniuliza ni nani aliyelipa. Nikamwambia ni akina mama wa bombani. "Msichana, nipe jina moja," akasema. Unajua ninavyoogopa kusema mbele za watu. Lakini akilini niliwaona wote, na mitungi yao, nikashindwa kuchagua.

Nikaanza na Akoru, kisha Nafiso, nikaendelea kuwataja. Nyuma yangu foleni ya wanafunzi ikangoja.

Binti yenu,
Akuwam