Saruji ya Kaburi la Baba Neema

Jumamosi, Agosti. Upepo tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno. Nina kinyaa, na si cha vumbi.

Leo tulipanga kujengea kaburi la mume wangu, hapa Msalato. Kiwanda alichofanyia kazi kilileta mifuko ya saruji, eti ya kumuenzi. Bosi wao alisimama kaburini bila kuvua kofia, akapigwa picha pamoja na mifuko. Nilishukuru. Ndivyo nilivyolelewa.

Kisha fundi akapasua mfuko wa kwanza, nikatia vidole.

Baba Neema alikuwa mtu wa kinu. Alinieleza mara nyingi tukiwa tunakula: kinu cha saruji ni pipa refu la chuma lililolazwa, linazunguka, ndani limejaa gololi za chuma. Yale mawe yaliyochomwa, wao wanayaita klinka, huingia pamoja na jasi kidogo. Pipa likizunguka, gololi hupanda, kisha huangukia mawe. Chumba cha kwanza kina gololi kubwa za kuvunja. Cha pili kina ndogo, za kusaga mpaka unga.

Nikirudi kutoka mashineni na unga wa uwele, aliusugua kwa vidole kabla sijabandika maji. Ukiwa na chenga alicheka: "Mama Neema, huu umeishia chumba cha kwanza."

Mwaka wake wa mwisho hakuwa anacheka. Gololi zimelika, alisema, mpya hawaongezi, na mzigo wanausukuma upite haraka. Saruji ya chenga haishiki vizuri. Aliwaambia wakubwa, wakamjibu aangalie kazi yake.

Saruji ya leo ilikuwa na chenga.

Kitu alichokikataa akiwa hai, ndicho walichomletea kaburini.

Mdogo wake alininong'oneza, "Shemeji, ya bure hiyo. Tujenge tu, watu wanasubiri."

Nikamwambia fundi aache. Bosi akauliza kuna nini.

"Hii imeishia chumba cha kwanza," nikamjibu taratibu.

Hakuuliza maana yake. Alitazama viatu vyake, kisha akaagiza mifuko irudishwe garini.

Wakwe wamenuna. Jioni nimepanga mawe kuzunguka kaburi, peke yangu. Saruji nitanunua mwenyewe, polepole, na kila mfuko nitausugua kwanza.

Mpaka hapo, alale na udongo wake. Huo angalau ni laini.