Gia Boksi ya Baba Mkwe

Bujonde, Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, na moyo wangu hauko vizuri.

Kakao imelala siku ya tatu chini ya turubai na harufu yake imeingia mpaka kwenye nguo za kanisani. Hakuna cha kuanika leo. Mwanangu Tusa yuko kwa shangazi yake. Mimi nimekaa jikoni na simu, naandika kitu ambacho nimekikwepa tangu Jumatano. Hapa nyumbani hakuna anayesoma blogu hii, na leo nashukuru kwa hilo.

Gari liko uani, mbele ya dirisha la jikoni. Likiwekwa D linakaa kimya, linafikiri, kisha linasogea kwa shida mpaka gia ya pili. Ya tatu haipo.

Nimeliharibu mimi.

Ni saluni ya Kijapani ya miaka ya themanini, silinda sita, otomatiki ya gia nne, rangi ambayo zamani ilikuwa ya maziwa. Baba mkwe wangu alilinunua akiwa bado anafanya kazi bandarini Itungi. Enzi hizo lilikuwa gari la kukimbia, na wapo watu Kyela mjini wanaokumbuka lilivyokuwa likiwaacha. Sasa milango imeliwa na kutu kwa chini na viti vimeshonwa mara mbili. Lakini gia boksi haijawahi kufunguliwa. Wenzake walionunua magari mapya zaidi wameshabadilisha gia boksi mara mbili, mara tatu, na yeye akaendelea kuweka D, kusubiri lishike, halafu kuondoka. Mafundi husema gia boksi za zamani zilitengenezwa kwa chuma cha kweli. Baba mkwe husema chuma ni kilekile, kinachodumu ni adabu ya dereva.

Naandika "husema" lakini kwangu mimi hakuwa amewahi kusema neno hata moja.

Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawaongei, hawakai chumba kimoja, na mwanamke halitaji jina lake. Kwa Kinyakyusa tunaita ukutila. Familia nyingi zimeshaacha, hasa za kanisani. Hii yetu inakwenda kanisani kila Jumapili na haijaacha. Nina miaka tisa hapa, na baba mkwe namfahamu kwa viatu vyake, kikohozi chake na mgongo wake akielekea shambani. Yeye labda ananifahamu kwa chumvi ya mboga. Tukikaribiana njiani nageukia kwenye migomba mpaka apite. Mwaka wa kwanza nililia sana juu ya jambo hili. Baadaye nikazoea, na kuna siku nililipenda kabisa, maana wapo wanawake wanaogombezwa na wakwe zao kila asubuhi.

Gari lilikuja mikononi mwangu macho yake yalipoanza kuziba kwa mtoto wa jicho. Mume wangu hufanya biashara ya mchele ng'ambo ya mpaka, Karonga, na nusu ya mwezi hayupo. Akiwa hayupo, mwenye leseni hapa nyumbani nilikuwa mimi tu, niliyejifunzia Mbeya nikiwa chuo cha ualimu, na nilijifunzia otomatiki. Basi nikafundishwa gari kwa ukuta. Baba mkwe anakaa sebuleni, mimi nasimama koridoni, mama mkwe yuko mlangoni katikati yetu. Mwambie asiweke R gari likiwa bado linatembea, anasema mzee. Mama ananigeukia: anasema usiweke R gari likiwa bado linatembea. Najibu nimesikia. Mama anamgeukia: amesikia. Wote watatu tunasikiana vizuri kabisa. Nilikuwa narudi jikoni nacheka peke yangu.

Sasa sicheki.

Wiki mbili zilizopita tulipata habari kwamba madaktari wa macho watakuwa Tukuyu kwa siku mbili tu. Baba Tusa ndiye angempeleka baba yake. Mimi nikataka kuliandaa gari. Nikachomoa stiki ya kupimia gia boksi, nikakuta oili nyeusi kama kahawa. Nikaenda kwa fundi mjini nikamwambia amwage yote, aweke mpya. Fundi alisita. Aliuliza oili hii ina muda gani humu ndani, nikasema sijui. Akauliza mwenye gari anasemaje.

Nikamwambia amekubali.

Nilidanganya. Sababu yenyewe ni ndogo mpaka naona aibu kuiandika. Kumuuliza mzee swali moja ni kazi ya nusu siku: kumtafuta mama, mama amtafute yeye, yeye afikiri, jibu lirudi kwa njia ileile. Nilikuwa nimechoka. Nikaona oili ni oili, na mpya ni bora kuliko ya zamani. Ile nyeusi nikairudisha nyumbani kwenye dumu, ili baadaye nipake nguzo za kichanja cha kakao zisiliwe na mchwa.

Jumatano asubuhi mume wangu akapiga simu kwamba lori lake limekwama upande wa pili na hawezi kufika. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. Alimwambia mumewe kwamba kwa sasa hata kidole chake hakioni, sasa ataepuka kumuona nani? Mzee alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa masharti: yeye akae nyuma ya kiti changu, mama akae mbele pembeni yangu, na kioo cha ndani kigeuzwe juu. Nikakigeuza mpaka kikawa kinaonyesha dari tu.

Kyela ni bapa kama sinia, na gari hili limezeekea kwenye ubapa huo. Mpaka tunaacha mashamba ya mpunga sikuona tatizo lolote. Barabara ilipoanza kupanda, injini ikawa inapiga kelele na gari haliendi. Unakanyaga mafuta, sauti inapanda, migomba ya pembeni inabaki palepale. Nyuma yangu nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Mwambie azime ovadraivu. Anasema uzime ovadraivu. Nilikuwa nimeshaizima hiyo gia ya mwendo kasi kabla mama hajafungua mdomo. Kona iliyofuata, mwambie aweke mbili. Nikaweka. Kulikuwa na harufu ya kitu kinachoungua, na nyuma yetu lori la ndizi limetuganda.

Kwenye kona kali gari likaacha kabisa kuvuta. Injini inanguruma, na sisi tunarudi nyuma. Mama aliacha kupeleka maneno akaanza kumwita Kyala, Mungu wetu.

Ndipo nilipoisikia sauti nyuma ya shingo yangu, ya chini, kama mtu anayeomba apewe chumvi.

"Mwanangu. Breki, mguu wote. Vuta hendibreki. Sasa weka P, na injini usizime."

Nilifanya hivyo. Lori likatupita likipiga honi. Mama akashuka kukata matawi na kwenda kuyapanga barabarani nyuma ya kona, magari yajue kuna gari bovu. Tukabaki wawili.

Aliniambia oili ya gia boksi inapoa ikizunguka, ndiyo maana injini haizimwi. Halafu akaomba stiki. Nikafungua boneti, nikaichomoa, nikaifuta kwa khanga, nikaitumbukiza na kuichomoa tena, nikaenda nayo dirishani kwake. Niliinyoosha huku uso nimeugeuzia mlimani. Vidole vyake vilipapasa hewani, vikashika kwanza kifundo cha mkono wangu, kisha stiki. Aliinusa muda mrefu.

"Hii ni mpya," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nani aliruhusu?"

"Mimi. Nilimwambia fundi umeruhusu wewe."

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye mtaro. Nilisubiri ukali, na ningeupokea.

"Ningekuambia usiitoe," alisema. "Hapakuwa na njia ya kukuambia."

Mama aliporudi alitukuta hivyo, yeye anaongea na mimi najibu. Akaingia, akafunga mkanda, akatazama mbele.

Tulipanda mlima uliobaki kwa L, ile gia ya chini ya nguvu, mguu mwepesi, tukipumzika kila mzee aliposikia sauti imebadilika. Alikuwa amefungua dirisha na kutoa kichwa nje ili asikie vizuri. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona. Sikukusudia, nilikuwa naangalia kama kuna gari nyuma. Miaka tisa, na ndiyo mara ya kwanza naona uso wake: macho yana ukungu mweupe, na paji la uso ni la Tusa, lilelile, na mdomo anaoubana Tusa akifanya hesabu. Mwanangu amekuwa akitembea na sura hiyo ndani ya nyumba na mimi sikujua ameitoa wapi.

Tulipofika, muuguzi alikuwa anafunga orodha. Jina la mzee liliingia la mwisho.

Alhamisi walimfungua bandeji. Jicho la kulia linaona. La kushoto walisema tulichelewa. Mume wangu alishafika, akawaleta wazazi wake kwa gari la kukodi, na mimi nikalishusha gari lake peke yangu kwa L, gia ya tatu ikiwa imeshakufa.

Tangu siku hiyo tumerudi kwenye desturi. Anaona, kwa hiyo mimi najificha. Jana alipita karibu na kisima nikageukia migomba kama miaka yote, ila safari hii nilijua uso wa mtu ninayempa mgongo. Kuna neno limenikaa kooni na nitaliandika hapa, Mungu anisamehe. Usiku na mchana nashukuru kwamba anaona, na kuna saa natamani angebaki haoni. Akiwa haoni nilikuwa mtu wa kuambiwa.

Hivyo ndivyo nilivyoamka leo.

Asubuhi hii mvua ikinyesha nilimsikia anatoka. Nikasogea nyuma ya jiko nisionekane dirishani. Alifungua boneti, akawasha injini, akachomoa stiki. Nilisikia kimya cha mtu anayetazama kitu kwa jicho lake mwenyewe baada ya muda mrefu. Halafu akaanza kuongea.

Alikuwa anaongea na gari. Mzee huyu hana mazoea ya kuongea na vitu, na wala hana sababu ya kupaza sauti hivyo kwa gari aliloliegemea. Aliliambia kwamba sahani zilizomo ndani yake, zile zinazoshika gia, zimelika, na unga wake ulibaki kwenye oili ya zamani, na unga huo ndio uliokuwa unazisaidia kushikana. Ukiutoa wote siku moja zinateleza. Oili ya gari la umri huu hutolewa kidogo kidogo, lita moja, unatembea wiki kadhaa, lita nyingine. Akaliambia kwamba ameona dumu chini ya kichanja cha kakao, na bahati nzuri nguzo hazijapakwa. Ichujwe kwa kitambaa safi. Itolewe lita moja ya mpya, irudishwe lita moja ya ile nyeusi, lipashwe moto bila kuondoka, lisikilizwe. Huenda gia ya tatu ikarudi. Huenda isirudi.

Nilikuwa nimeshika mwiko na ugali unaungua. Sikuuondoa motoni.

Alifunga boneti taratibu, akaishindilia kwa viganja viwili kama anavyofanya siku zote. Nilidhani amemaliza. Kisha nikamsikia tena, kwa sauti ileile ya kule mlimani.

"Ulinifikisha," aliliambia gari, kisha akalishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, mwanangu."

Gari hilo analo tangu mume wangu hajazaliwa. Hajawahi kuliita mwanangu.

Viatu vyake vikarudi sebuleni. Nilikaa chini kwenye kigoda, nikalia mpaka mama mkwe akaja kuuliza moshi ni wa nini. Nikamwambia ugali umeungua. Alitazama dirishani, akaliona gari, akanitazama mimi, akachukua sufuria akaanza kukwangua. Naye hajamwambia mtu yeyote yaliyotokea kwenye ile kona, na naona hatamwambia.

Kesho tukitoka ibadani nitachuja ile oili. Lita moja, si zaidi. Nitaweka gari karibu na dirisha la sebule, nitalifungua boneti, na kabla sijachomoa stiki nitaliangalia gari lenyewe na kusema kwa sauti ya kusikika kwamba nilidanganya, kwamba linisamehe, na kwamba mara nyingine nitauliza.